Kupima Naitrojeni ya Udongo na ya Mimea: Habari kwa Wakulima wa Mazimbu na Milima ya Uluguru

Wazee walisema ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka huandika kila kitokacho na kila kiingiacho, na jioni hujua kama amepata faida au hasara. Lakini sisi wakulima twatoa magunia shambani mwaka baada ya mwaka, wala hatuandiki ni kitu gani kilichotoka ardhini pamoja na magunia hayo. Mahindi yakipungua twasema mvua ilikuwa mbaya, au mbegu ilikuwa mbovu, au jirani ana kijicho. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ni kwamba akiba ya udongo imeliwa, na hapana aliyeihesabu.

Kati ya vyakula vya mimea, kimoja kiishacho upesi ni naitrojeni. Karatasi hii yaeleza jinsi wataalamu wapimavyo naitrojeni yote iliyomo katika udongo na katika majani, na jinsi mkulima awezavyo kuitumia hesabu hiyo. Msiogope habari za maabara. Aliyekwisha kupika ugali, kukamua limau na kupima unga kwa mizani aweza kuzifahamu.

NAITROJENI NI KITU GANI

Hewa tuivutayo ni naitrojeni kwa sehemu 78 katika kila 100. Lakini mhindi husimama katikati ya hewa hiyo na kufa njaa, kama mtu afaye kwa kiu katikati ya bahari. Hauwezi kuichukua kutoka hewani. Jamii ya kunde hasa, yaani kunde, mbaazi, maharage, fiwi na karanga, hupata msaada wa vijidudu vidogo sana vikaavyo katika vinundu vya mizizi, navyo huigeuza naitrojeni ya hewa iwe chakula.

Katika udongo, karibu naitrojeni yote imefungwa ndani ya mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi, samadi na wadudu waliooza. Vijidudu vya udongo huifungua kidogo kidogo, na hicho kidogo ndicho mmea unywacho. Mmea hujengea kwayo rangi ya kijani na nyama ya mbegu. Mhindi ukikosa naitrojeni, majani ya chini hugeuka manjano kuanzia nchani, na umanjano huo hufuata uti wa katikati kuelekea shinani, kwa kuwa mmea huwanyang'anya wazee ili kuwalisha vijana.

KOSA LANGU

Kabla sijaeleza namna ya kupima, yanipasa kusimulia kosa langu mwenyewe, maana nililipa mtu mwingine gharama yake.

Katika miaka yangu ya kwanza ya ualimu wa kilimo, mama mmoja mjane karibu na Mazimbu aliniuliza, "Mwalimu, nina fedha ya mfuko mmoja wa mbolea au ya ada ya mtoto, si vyote viwili. Je, shamba langu lataka mbolea?" Nikamwambia, "Mama, tusibahatishe. Tutapeleka udongo ukapimwe." Neno lilikuwa jema, lakini tendo langu halikuwa jema. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa na safari nyingine. Nikachimba mahali pamoja tu, penye udongo mweusi na laini, karibu na njia. Nikajaza mfuko nikaondoka.

Jibu likarudi: naitrojeni asilimia 0.32. Hiyo ni akiba ya kutosha. Nikamwambia asinunue mbolea, naye akalipa ada kwa moyo mweupe. Mahindi yalipofika magotini yakaanza manjano. Shamba la ekari moja, alilotazamia kupata magunia kumi, lilimpa manne.

Nilipokwenda kumtazama, mzee wa jirani akanionyesha pale nilipochimba. "Hapo palikuwa na zizi la ng'ombe zamani," akasema. "Kila mtu hapa ajua." Kila mtu alijua isipokuwa mimi, kwa sababu sikuuliza. Maabara haikukosea hata chembe. Ilipima kwa uaminifu udongo niliopeleka. Lakini udongo ule haukuwa shamba la mama yule.

JINSI YA KUCHUKUA UDONGO

Maabara hutumia gramu moja tu ya udongo. Tafakarini: udongo wa juu wa ekari moja, kwa kina cha sentimita 20, una uzito wa kilo 1,050,000 hivi. Gramu hiyo moja yasema kwa niaba ya mlima mzima. Ikiwa shahidi ni wa uongo, hukumu yote itakuwa ya uongo.

Kwanza, ligawanye shamba kwa kadiri ya nchi ilivyo. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa katika kituo cha Amani kwenye milima ya Usambara, alionyesha mwaka 1935 ya kwamba udongo wa Afrika ya Mashariki hupangana kama mnyororo kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, aina baada ya aina, na mpangilio huo hurudi kila kilima. Wenyeji wa Uluguru hawahitaji kuambiwa mara mbili: udongo wa mteremkoni sio udongo wa bondeni, hata kama shamba ni la mtu mmoja. Basi kila sehemu ipimwe peke yake.

Pili, tembea katika sehemu hiyo kwa kwenda upande huu na upande huu, na uchimbe mahali 15 au 20, kila mahali kina cha sentimita 20, yaani karibu shibiri moja. Epuka kichuguu, zizi la zamani, njia, kivuli cha mti, mahali palipochomwa moto na mahali palipowekwa mfuko wa mbolea. Waulize wazee habari za shamba kabla ya kuinua jembe.

Tatu, changanya udongo wote katika ndoo safi isiyopata kutiwa mbolea. Umwage juu ya turubai safi, uugawe mafungu manne, utupe mawili yanayoelekeana, uchanganye yaliyobaki, na ufanye hivyo tena hata ibaki nusu kilo. Uanike kivulini upesi, usiukaushe motoni. Udongo uliofungwa mbichi hauko kimya. Vijidudu vyaendelea kula na kugeuza naitrojeni njiani. Kisha andika jina la shamba, sehemu, kina na tarehe.

KAZI YA MAABARA

Njia ijulikanayo sana ilitungwa na Johan Kjeldahl, mtu wa Denmark, akaitangaza mwaka 1883. Alikuwa mkuu wa kazi za kemia katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, mjini Copenhagen. Shida yake haikuwa udongo bali shayiri: alitaka kujua kiasi cha protini katika nafaka ya kutengenezea bia, na protini haipimiki upesi, lakini naitrojeni iliyomo ndani yake yapimika. Njia ile ikatoka kiwandani ikaenea duniani kote, na hadi leo yatumika kupima udongo, majani, maziwa na vyakula vya mifugo. Ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuchemsha. Udongo uliokauka husagwa na kuchekechwa, kisha gramu moja hutiwa katika chupa ngumu ya kioo. Hutiwa asidi kali ya salfuriki, ambayo yaweza kutoboa nguo na kuunguza ngozi mara moja, pamoja na chumvi ya potasi ili asidi ichemke kwa joto kubwa zaidi, na shaba kidogo ili kuharakisha kazi. Huchemshwa kwa joto la digrii 360 hivi au zaidi, kwa muda wa saa kadhaa, ndani ya kabati lenye bomba la kutoa moshi wa sumu. Mboji yote huungua ndani ya asidi, weusi ukatoweka, na maji yakabaki meupe au yenye rangi kidogo ya kijani. Kaboni imetoka kama moshi. Lakini naitrojeni haikutoka. Asidi imeikamata na kuifanya chumvi ya amonia. Hii ndiyo hekima ya Kjeldahl: kuiharibu nyumba yote bila kumpoteza mwenye nyumba.

Hatua ya pili ni kukeneka. Chupa ikipoa huongezwa maji, kisha soda kali. Soda huishinda asidi, na amonia hufunguliwa ikawa hewa. Ni harufu ile ile ichomayo pua katika zizi lililofungwa usiku kucha. Mvuke wa maji huichukua kupitia mrija uliopozwa, nayo hudondoka katika chombo chenye asidi dhaifu ya boriki. Wako watu katika vijiji vyetu wajuao sana namna mvuke upitavyo katika mrija na kudondoka, ijapokuwa sheria imeikataza pombe ya moshi. Kanuni ni ile ile, lakini kazi hii haina hatari ya kufungwa. Chombo hicho kina dawa ya rangi: mwanzo ni nyekundu hafifu, na amonia iingiapo hugeuka kijani.

Hatua ya tatu ni kutonesha. Mpimaji hushika mrija mrefu wenye alama, uliojaa asidi hafifu iliyopimwa nguvu yake. Huiacha idondoke tone baada ya tone, huku akikitikisa chombo, hata kijani kitoweke na wekundu urudi. Hapo hufunga na kusoma ni mililita ngapi zilizotumika. Kadiri naitrojeni ilivyokuwa nyingi, ndivyo asidi itakiwayo iwavyo nyingi.

Mpimaji mwaminifu hufanya pia kipimo kitupu, yaani hufanya kazi yote bila udongo, ili ajue kama dawa zenyewe zina naitrojeni. Kiasi hicho hukitoa katika hesabu. Tena huweka udongo ambao kipimo chake kimekwisha kujulikana, kama mwenye duka ajaribuye mizani yake kwa jiwe la kilo moja.

HESABU YAKE

Baada ya kosa lile nilirudi kwa mama yule na kumwomba radhi, nikachukua udongo tena, mara hii mahali 20. Hesabu ilikuwa hivi. Asidi ya kutonesha ilikuwa na nguvu ambayo mililita moja ni sawa na miligramu 0.7 za naitrojeni. Zilitumika mililita 1.6. Kipimo kitupu kilitumia 0.2. Zilibaki 1.4; nazo mara 0.7 ni miligramu 0.98 katika gramu moja ya udongo. Hiyo ni asilimia 0.098.

Wataalamu huhesabu ya kwamba udongo wenye chini ya asilimia 0.1 una naitrojeni haba sana, kutoka 0.1 hadi 0.2 ni haba, kutoka 0.2 hadi 0.5 ni ya kadiri. Na kupita hapo ni nyingi. Basi zizi lilituonyesha mali, na shamba lilikuwa maskini.

Hata hivyo mtu aweza kustaajabu. Asilimia 0.098 ya kilo 1,050,000 ni zaidi ya kilo 1,000 za naitrojeni katika ekari moja, na mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu. Mbona shamba lenye kilo elfu lalia njaa?

JUMLA SI FEDHA YA MKONONI

Jibu ni kwamba kipimo cha Kjeldahl chahesabu jumla, na karibu yote imefungwa katika mboji. Katika mwaka mmoja vijidudu hufungua kiasi cha kilo moja hadi tatu tu katika kila kilo mia. Tukikisia mbili, ekari ile yatoa kilo 20 hivi kwa mwaka. Na katika hizo nyingine huchukuliwa na magugu, nyingine huzama na maji ya masika. Gunia la kilo 100 la punje za mahindi hubeba naitrojeni kilo moja na nusu hivi, na mabua yake yataka zaidi ya nusu kilo nyingine. Magunia kumi yataka kilo 20 na zaidi ndani ya mimea yenyewe. Ndiyo sababu mama yule alipata manne.

Tena kufunguka huko hakuji sawasawa mwaka mzima. H. F. Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga, nchini Kenya, alieleza mwaka 1958 ya kwamba udongo uliokauka sana, upatapo mvua ya kwanza, vijidudu huamka kwa nguvu na kufungua naitrojeni nyingi kwa siku chache, kisha hupoa. Mhindi uliokwisha kupandwa wakati huo huikuta. Uliochelewa hukuta imekwisha kuzama au kuliwa na majani ya porini. Wazee wetu waliwahi kupanda bila kujua habari za Muguga, na walikuwa na haki.

KUPIMA MAJANI

Udongo husema akiba iliyopo. Jani husema kile mmea ulichopata kwa hakika. Mahindi yakitoa ndevu, chukua jani lililo kando ya gunzi, moja kwa kila mmea, kutoka mimea 15 au 20 iliyotawanyika. Yafute vumbi, yatie katika mfuko wa karatasi, wala si wa plastiki, maana humo yataoza. Maabara huyakausha, huyasaga na kuyachemsha kwa njia ile ile, ila kwa kipimo kidogo, kwa sababu jani lina naitrojeni nyingi kuliko udongo.

Tufanye mfano. Gramu 0.2 za jani zimetumia mililita 6.2, toa 0.2 ya kipimo kitupu, zabaki 6.0, mara 0.7 ni miligramu 4.2. Hizo katika miligramu 200 ni asilimia 2.1. Jani la mahindi yaliyoshiba wakati huo lapasa kuwa na asilimia 2.7 au zaidi. Basi mimea hiyo ina njaa. Kwa msimu huo dawa imechelewa, lakini kwa msimu ujao mkulima amekwisha kuonywa.

NJIA NYINGINE

Kabla ya Kjeldahl, katika miaka ya 1830, Mfaransa Jean-Baptiste Dumas alikuwa amekwisha kupima naitrojeni kwa kuchoma kitu hata kiwe hewa, na kuipima hewa hiyo. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya taabu. Leo mashine huichoma sampuli ndani ya oksijeni kwa joto la digrii 900 hivi au zaidi, shaba ya moto huisafisha hewa, na jibu hutoka kwa dakika chache bila asidi. Lakini mashine ni ghali na yataka umeme usiokatika.

Tena iko njia ya mwanga. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh, waliokuwa katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo-mseto Nairobi, walieleza jinsi ya kutambua tabia za udongo wa Afrika kwa kuumulika na kusoma mwanga urudio. Njia hii ni ya haraka, lakini haijitegemei. Hapana budi kwanza udongo mwingine upimwe kwa njia za asidi au za moto, ili mwanga ufundishwe kusoma.

Sisi wa Mazimbu tuna bahati. Nchi hii ilikuwa shamba la mkonge. Kutoka 1978 hadi 1992 ilikuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, nao walilima chakula chao hapa. Na leo ni kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Maabara ya udongo ya chuo hicho iko hapa hapa Morogoro, na kituo cha utafiti cha Mlingano, mkoani Tanga, hufanya kazi hiyo pia. Mwenye mto karibu hana udhuru wa kukaa na kiu.

LA KUFANYA

Mama yule hakutegemea mfuko peke yake. Alipanda mapema, akachanganya mbaazi kati ya mahindi, akaacha kuchoma mabua, akatia samadi ya mbuzi iliyooza, na urea mfuko mmoja kwa mikupuo miwili, akiifukia kila mara. Msimu ule alivuna magunia tisa. Nami nilishukuru kwa kuwa alikubali kuniamini mara ya pili, jambo ambalo hakuwa na lazima ya kulifanya.

Basi yakumbukeni haya:

1. Udongo uchukuliwe mahali pengi, na kila sehemu ya mteremko peke yake. Uliza kwanza palikuwa na nini zamani.

2. Jumla ya naitrojeni ni akiba, si fedha ya mkononi. Soma hesabu pamoja na historia ya shamba na rangi ya majani.

3. Usichanganye majivu na urea wala na samadi mbichi. Majivu hufanya kazi ile ile ifanywayo na soda katika maabara: huifukuza amonia, lakini wewe huna mrija wa kuikamata. Urea iliyoachwa juu ya udongo hupotea vivyo hivyo, ifukie.

4. Usichome mabaki. Moto huipeleka naitrojeni hewani, na kurudi kwake ni taabu.

5. Andika. Weka daftari la shamba: kipimo, tarehe, mbolea, magunia. Pima tena baada ya miaka mitatu au minne, mahali pale pale na majira yale yale, ndipo utajua kama akiba yapanda au yashuka.

Chovya chovya yamaliza buyu la asali, na kila gunia litokalo shambani ni kidole kilichochovya. Hapana ubaya kuchovya, kwa maana ndiko kuishi. Ila mwenye buyu na aangalie ndani mara kwa mara, na amfundishe mwanawe kuangalia.